Pia ya Shoto

Ndugu msomaji, kama umekulia kwenye nyumba yenye televisheni na mkono wako haujawahi kushika mjeledi wa katani, nivumilie kidogo. Habari ninayotaka kukuandikia ni ya pia. Sisemi "pia" ile ya "na mimi pia nimo", la hasha. Nasema pia ya mti, ile yenye kichwa kipana juu na ncha chini, unayoizungushia kamba, ukaivuta, ikaanza kuzunguka, halafu ukawa unaichapa isianguke. Najua wapo watakaosema huyu naye amekosa la kuandika, wenzake wanaandika mapenzi na majambazi, yeye anatuletea pia. Sawa, bwana. Lakini katika miaka yangu ishirini na minne nimefanya ubaya mmoja mkubwa, na niliufanya kwa ajili ya pia.

Pia yangu ya kwanza ilitoka Butiama. Si kwa Mwalimu, usije ukadhani mimi ni wa ukoo ule. Babu yangu alikuwa mkulima tu wa mihogo na mtama, upande wa nyuma huko ambako gari halifiki. Shule zikifungwa tulipanda basi Musoma, tunashuka Makutano, tunadandia gari jingine mpaka Butiama, na mwendo uliobaki ni wa miguu. Babu alikuwa mtu wa maneno machache na kisu kikali. Alichonga mipini ya majembe, vigoda, na sisi wajukuu alituchongea pia.

Pia za babu zilikuwa na kichwa kipana lakini chembamba, na ncha ndefu iliyokwenda ikichongoka kama ya penseli. Nyepesi. Akimaliza kuchonga hakukupa hapo hapo. Alileta karai la maji, akaitia pia ndani ikaelea ubavu, akaizungusha kwa kidole na kuiacha itulie. Upande mzito ulikuwa ukigeuka wenyewe na kwenda chini. Hapo babu anaitoa, anakwangua upande huo kidogo, anairudisha majini. Mara ya pili, mara ya tano, mpaka pia inakaa vyovyote utakavyoiacha, haina upande inaoupendelea. "Sasa hii haina ugomvi ndani yake," alisema, na ndiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote.

Zamani zao, kwa alivyotueleza, walishindana kusimama tu. Kila mmoja anaichapa pia yake mara tatu, kisha mikono juu, halafu mnatazama ipi itadumu. Kwa mchezo huo pia ya babu haikuwa na mpinzani. Ikikolea ilisimama wima kama haizunguki kabisa, unaweza kudhani ni kigingi.

Nikabeba mbili kwenda nazo Musoma, kifua mbele. Hiyo ilikuwa 2012, niko darasa la tano.

Siku moja tu. Pale Nyasho tulipokuwa tunakaa hawakucheza kusimama, walicheza kugongana. Inachorwa duara kwenye vumbi, kila mtu anaichapa pia yake nje ya duara, anaiswaga mpaka inaingia. Ikishavuka mstari, mjeledi haramu. Inayotolewa nje imeshindwa, inayoanguka imeshindwa, na mwenye pia iliyoshindwa analiwa gololi tano. Pia za wale vijana zilikuwa za mti wa mpera, nzito, nono kama ngumi ya mtu mzima. Pia ya babu iliingia kwa adabu zake, ikaguswa mara moja, ikaruka mpaka mtaroni. Watu walicheka mpaka mama mmoja muuza maandazi akatoka kuangalia kuna nini. Jioni ile sikula. Nilikuwa nimeona kwamba kitu kinaweza kuwa bora kabisa katika mchezo wake na kikawa takataka katika mchezo wa jirani, ingawa wakati huo sikuwa na maneno hayo, nilikuwa na hasira tu.

Kulikuwa na mtoto mmoja tuliyemwita Shoto, kwa sababu mkono wake ulikuwa wa kushoto. Darasani alilazimishwa kuandika kwa kulia, na kalamu ikihama mkono alichapwa vidole, kwa hiyo mwandiko wake ulikuwa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Nje ya shule alirudi kushoto kwake. Aliishi na bibi yake nyumba ya pili kutoka kwetu, bibi mwembamba aliyekaanga dagaa kwa kuni, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Naomba uyakumbuke hayo macho. Ndiye Shoto aliyeifuata pia ya babu mtaroni. "Huitaki?" aliniuliza. Nikamwambia chukua, na ile nyingine nikamwongezea.

Mimi nikatafuta mpera.

Sasa hapa msomaji nipe dakika zako, maana hapa ndipo penye utamu. Usidhani kwamba pia nzito ilitawala milele. Kwanza kila mtu alichonga nzito, halafu nzito zaidi, mpaka kuna kijana alikuja na pia kama chungu, akaichapa kwa jasho na mkono ukamchoka kabla haijakolea. Pia nzito inahitaji viboko vingi ndipo ipate mbio. Watoto wadogo wenye mikono dhaifu walikuwa wameshakata tamaa. Kisha mvua zikaanza. Vumbi likawa tope, pia nzito zikawa zinachimba shimo na kuzama zenyewe kama gari la dagaa barabarani. Tukahamia kwenye baraza la saruji la duka moja lililokuwa limefungwa, na kuhama huko tu kukaangusha utawala mzima.

Kwenye saruji ncha ya mti inalika upesi. Tukapiga misumari na kuisaga kichwa. Halafu mmoja akagundua kuchonga pia fupi, bapa, yenye uzito wote kwenye ukingo na kimo kisichozidi vidole vitatu. Ile ikiingia duarani, pia ndefu ya mpera inaigonga kwa lile tumbo lake lililo juu, lakini yenyewe inaipiga ndefu chini, kwenye kiuno, palipo pembamba. Ndefu inayumba, inalala. Ndani ya wiki mbili mtaa mzima una pia bapa na zile ngumi za mpera zimekuwa kuni. Mimi nikaongeza langu. Kwa fundi baiskeli nilipata gololi moja ya beringi, nikaizamisha kwenye ncha badala ya msumari. Ilizunguka kama inakanyaga mafuta. Mwezi mzima nilikuwa bingwa, nina kopo la gololi, natembea katikati ya barabara. Ubaya wake ilikuwa inateleza, baraza likiinama kidogo tu inakwenda yenyewe nje ya mstari, lakini nililijua lile baraza kuliko mwenye duka, nilijua pa kuitia.

Ndipo Shoto akaja na pia ya babu.

Watu walianza kucheka kabla hajazungusha kamba. Aliizungusha kinyume na sisi sote, kwa mkono wake, na kuichapa kwa mkono wake, kwa hiyo ilizunguka kushoto wakati zetu zote zinakwenda kulia. Wala hakuichapa sana. Iliingia duarani polepole, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Yangu ikaifuata kwa mbio. Nikasubiri ule mlio, ta!, na pia ya babu kuruka mtaroni kwa mara ya pili.

Mlio haukuja. Zilikutana zikasuguana tu, kss, zikaachana, zikakutana tena. Na kila zilipokutana, yangu ilipunguza mbio, na ile ya Shoto, ambayo hakuna aliyeichapa, ikaongeza. Tuliona kwa macho yetu. Ilianza kuyumba ikasimama wima. Yangu ikaanza kulewa, ikazunguka duara lote ikitafuta mahali pa kuanguka, ikaanguka. Ya babu ikabaki katikati imetulia kama kigingi.

Baraza lilikuwa kimya. Akanila gololi tano. Kesho yake akanila tano nyingine, na wenzangu vilevile.

Ukitaka kujua kwa nini, leo naweza kukueleza. Pia mbili zinazozunguka upande mmoja, zikigusana, kingo zake zinakwenda kinyume, kama watu wawili wanaopishana mlangoni kwa mabega. Ndiyo maana zinagongana kwa nguvu na nyepesi inarushwa. Zikizunguka pande tofauti, kingo zinakwenda pamoja pale zinapogusana, kama meno ya magurudumu mawili ya mashine. Hakuna kishindo. Yenye mbio inaisukuma isiyo na mbio mpaka zinakaribia kulingana, na zikishalingana anashinda anayejua kudumu. Na nani aliyejua kudumu kuliko pia iliyopimwa kwenye karai la Butiama? Kumbe nilikuwa nimetupa mtaroni silaha ambayo saa yake haikuwa imefika.

Lakini siku ile sikujua. Nilijua nimeliwa, na aliyenila ni Shoto, kwa pia niliyompa mimi mwenyewe. Tukiwa tunarudi nyumbani, mmoja akauliza imekuwaje pia ikapata mbio bila kuchapwa. Nikajibu haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni. Nikasema, "Ile ina dawa. Bibi yake anailaza chini ya mto. Hamjayaona macho yake?"

Ndivyo nilivyosema. Sijaongeza wala kupunguza.

Wewe unayesoma ukiwa Dar es Salaam huenda ukaliona neno la kitoto. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho mekundu, macho ambayo yamewekundu kwa moshi wa jikoni na si kwa kingine. Neno langu lilifika kwa watoto jioni, kwa mama zao usiku. Wiki ile Shoto akikaribia baraza, watu wanaokota pia zao. Wateja wa dagaa wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Usiku mmoja mawe yalianguka kwenye bati la bibi, mengi, nikayasikia nikiwa kitandani, na nikavuta shuka. Kabla mwezi haujaisha walihama. Tuliambiwa wamekwenda Bunda, kwa ndugu.

Kilichofuata ndicho kinachonisuta zaidi. Haikupita wiki mbili, vijana wakaanza kuzungusha kushoto kwa siri. Mimi mwenyewe nilijaribu uani, mkono haukutii, nikajichapa mguuni mara tatu, lakini ikakubali. Nikaona kwa macho yangu pia ikila mbio za nyingine bila dawa, bila bibi, bila mto. Nilijua basi. Nilijua nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nashinda. Baada ya muda karibu nusu ya mtaa ilikuwa inazunguka kushoto, na ukikutanisha kushoto kwa kushoto ni kishindo kilekile cha kulia kwa kulia, kwa hiyo pia nyepesi zikaanza kurushwa tena na kuna mtu akarudi na ngumi ya mpera. Akatesa! Mambo yakazunguka yakarudi yalikoanzia, ila Shoto hakuwapo.

Halafu zikaja pia za plastiki za Kichina, zenye utepe wa meno unaouvuta. Mjeledi ukaisha. Hata baraza lile limevunjwa.

Miaka mingi baadaye nimemaliza kidato cha nne, matokeo naomba tusiyazungumze, nipo nyumbani naandika riwaya kwenye kaunta buku. (Ni ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na mpelelezi wangu niliyemwiba kutoka kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba, nimezificha.) Binamu yangu mdogo akanionyesha kwenye simu mashindano ya pia huko Japani. Zile za plastiki tulizouziwa Nyasho kumbe zilikuwa nakala za Beyblade, mchezo uliotolewa na kampuni ya Takara mwaka 1999, nao ulichukua mfano wa pia ndogo za chuma za watoto wa Kijapani ziitwazo beigoma. Wana aina zao: za kushambulia, za kujikinga, za kudumu. Kwa kawaida ya kushambulia huiangusha ya kudumu, ya kudumu huichosha ya kujikinga, ya kujikinga huivumilia ya kushambulia mpaka iishiwe nguvu. Hakuna mfalme. Kuna wanaokaa usiku kuhesabu mwaka huu wengi wanatumia ipi, ili waje na ile inayoila hiyo. Toleo la 2023, Beyblade X, lina reli yenye meno ukingoni mwa uwanja, pia ikiinasa inafyatuka kama risasi. Na ukimtupa mwenzako kwa mbio hizo unaweza kupata hadi pointi tatu, wakati kumngoja aanguke mwenyewe ni pointi moja tu. Kwa kanuni kama hiyo mtu mvumilivu kama babu yangu anakuwa na kazi nzito. Nikacheka peke yangu: hao nao wamehamishwa kutoka vumbini kwenda kwenye saruji.

Kisha binamu akanionyesha moja iitwayo L-Drago. "Hii kaka ni hatari," akasema, "inazunguka kushoto, inaiba mbio za mwenzake." Mtoto wa miaka tisa. Alilisema kama unavyosema maji ni maji. Nikamrudishia simu nikatoka nje.

Mwaka 2024 mjomba alinituma Bunda kufuata kitanda alichoagiza. Kiwanda chenyewe kipo nyuma ya barabara kuu, banda la mabati, maranda mpaka kifundoni. Ndani kijana mmoja alikuwa kwenye mashine ya kukereza, ananyoosha mguu wa kitanda, patasi ameishika kushoto. Nilimjua kwa mgongo.

Na yeye alinijua. Tukasalimiana vizuri tu, mambo, poa, wa siku nyingi. Akanipa kigoda. Nikamuuliza bibi.

"Bibi alifariki. 2017."

Nikampa pole. Tukakaa. Nikasema nina neno. Akazima mashine. Nikamweleza yote, jioni ile tukirudi kutoka barazani, na dawa, na mto, na macho. Nilikuwa nimeliandaa hilo neno njia nzima tangu niliponyanyuka kwenye kigoda cha binamu yangu, nikidhani atanitukana au atanisamehe, nilikuwa na majibu ya yote mawili.

Hakufanya hata moja. Alinitaja mtoto mwingine wa mtaani kwetu. "Mimi nilijua ni yeye," akasema. "Miaka yote hii. Mwaka juzi alikuja hapa kuomba kibarua, nikamfukuza."

Sikuwa na jibu la hilo.

Nikauliza pia ya babu. Akasema moja ilipotea, nyingine aliichoma. Bibi alimwambia aichome uani mchana, majirani wakiona, waone kwamba ni mti tu. Ikaungua kama mti. "Lakini mawe yalikuja usiku uleule," akasema.

Akawasha mashine. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kufunga kitanda cha mjomba kamba. Nilipogeuka alikuwa ameshika kipande kilichobakia cha mguu wa kitanda, anakikereza. Kichwa kipana, chembamba. Ncha ndefu. Haikuchukua hata dakika tano. Akaikata kutoka kwenye mashine, akaiendea ndoo ya kunolea patasi, akaitia majini na kuizungusha kwa kidole. Sikuwahi kumfundisha hilo, wala sikumbuki kumsimulia, labda nilimsimulia. Upande mmoja ukageuka ukaenda chini. Akaitoa, akakwangua, akairudisha. Ukageuka tena.

"Gari la mwisho la Musoma linaondoka," akaniambia bila kuinua macho. "Wahi."

Nilipofika mlangoni na mbao zangu begani, bado alikuwa ameinamia ndoo.